Somo la Tatu: Kumsifu Mtoto

Valea Nucului, 3 Machi

Kwa Mwalimu Sorina Pîslaru,
Mkufunzi, Darasa la Mtandaoni la Wahudumu wa Jamii,
Chișinău

Mheshimiwa Mwalimu,

Kwa heshima na taadhima napenda kuutangazia uongozi wa darasa, washiriki wenzangu popote walipo, na yeyote mwingine anayehusika, kwamba jana Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, kamera ya simu yangu ilifunguka. Ilionyesha dari. Baadaye ilionyesha kidevu. Mashahidi, ambao ni mkutubi na paka wa maktaba, wamethibitisha kwamba kidevu ni changu.

Naandika barua kwa sababu kile kisanduku cha kuandikia mlichotupatia kinasema "ujumbe mfupi", na mimi nimefanya kazi ya posta miaka thelathini na mmoja. Sijui kuandika kitu kisicho na tarehe, salamu wala sahihi. Posta yetu ilifungwa Novemba. Walikuja vijana wawili wakang'oa kibao, wakabeba mizani, wakaniachia ufunguo kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuuliza uko wapi. Meya, akijua kwamba mimi naujua kila mlango wa kijiji hiki na kila mbwa aliye nyuma ya mlango, akasema nitakuwa mhudumu wa jamii: nipite majumbani, niwasaidie wazazi katika malezi. Sharti nifaulu darasa lenu kabla Mei haijaisha. Nisipofaulu, kazi atapewa mke wa mhasibu, ambaye ana kompyuta. Mimi nitabaki nyumbani nikimtazama mume wangu Filimon akitazama televisheni. Mwalimu hujamwona Filimon akitazama televisheni.

Sasa swali. Kitabu chenu kinasema nichague familia moja ya kufanyia mazoezi, mzazi na mtoto. Mtaa wangu una nyumba kumi na nne. Wazazi wako Italia, Ureno na Ujerumani. Waliobaki ni mabibi. Nimemchagua jirani yangu Zinovia, miaka sitini na saba, anayemlea mjukuu wake wa kike, Sanda, miaka saba. Mama yake Sanda, Lilia, yuko Bergamo, huko Italia, anamtunza mzee wa watu. Je, bibi anahesabika kuwa mzazi? Kama hahesabiki, niambie mapema nifunge simu nikapande vitunguu.

Wako katika kazi,
Agripina Morăraș
(aliyekuwa Mkuu wa Posta, na karani wake, na tarishi wake)

*

Chișinău, 4 Machi

Ndugu Mshiriki Namba 41,

Asante kwa ujumbe wako. Tunawakumbusha washiriki wote kwamba ujumbe usizidi mistari mitatu.

Hayo hapo juu ni maneno ya ofisi, nalazimika kuyabandika. Bibi Agripina, bibi anahesabika. Yeyote anayemwamsha mtoto asubuhi na kumpa chai anahesabika.

Masomo ni kila Jumatatu, na baada ya kila somo kuna kazi ya kufanya na familia yako. Nyingi ni za kujaza fomu tu. Linaloamua kufaulu ni somo la tatu, Kumsifu Mtoto. Unampiga mzazi na mtoto video ya dakika kumi, mzazi akimsifu mtoto kwa jambo alilofanya. Alama ni ishirini, wa kufaulu lazima apate kumi na nne. Sifa ziwe wazi, zitaje jambo lenyewe, na zisifuatwe na neno "lakini". Huwezi kuamini ni wazazi wangapi huangushwa na "lakini".

Jambo moja la kuzingatia. Watahini hawako hapa. Wako nchi nyingine, kaskazini huko, hawajui lugha yetu. Maneno ya video yanatafsiriwa na kuandikwa chini ya picha. Mwambie Bibi Zinovia aseme polepole.

Mkufunzi wako,
Sorina Pîslaru

Nyongeza: mistari yangu mwenyewe imezidi mitatu. Tusiambiane.

*

Valea Nucului, 24 Machi

Mpendwa Mwalimu,

Somo la tatu nimelifuata lote. Sauti ilikatika mara mbili, lakini nikiwa nimekaa kwenye meza ya maktaba iliyo karibu na jiko, mtandao unafika. Kisha nikaenda kwa Zinovia.

Lazima nikueleze Zinovia ni mtu wa namna gani. Amelea watoto watatu na kumzika mume, na tangu nimjue hajamwambia mtu neno laini. Akikupenda anakuwekea sahani. Akikupenda sana anakaa mkabala nawe mpaka uimalize. Basi nikamkalisha barazani, nikamweleza kwamba safari hii sahani haitoshi, inabidi mtoto asifiwe kwa mdomo.

"Nimsifu?" akasema. "Mbele yake?"

Nikamwambia ndiyo, mbele yake, na mbele ya simu.

"Na hiyo simu ataitazama nani?"

Nikasema wataalamu, wako nje.

"Watu nisiowajua, macho yao sijui ni ya rangi gani, wamkodolee mtoto wangu huku mimi mwenyewe nikimmwagia sifa. Pina, umelala vizuri wewe?"

Mwalimu umezaliwa nchi hii, huhitaji kuelezwa habari za kijicho. Sanda ana uzi mwekundu mkononi tangu siku ya arobaini, na ukikatika bibi yake anamfunga mwingine kabla hajanawa uso. Mimi mwenyewe mambo haya siyaamini. Nilimwambia Zinovia hivyo, na narudia hapa kwa maandishi. Mtu aliyepiga mihuri miaka thelathini na mmoja anaamini muhuri.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akakubali, ila kwa sharti moja: atamsifu kwa namna yetu. Nikasema namna yetu ndiyo namna, hakuna nyingine. Sanda akawanywesha maji mabata bukini, akawaingiza bandani, akafunga komeo, na bibi yake akamsifu. Mwalimu, nilitokwa na machozi kidogo. Sanda alicheka mpaka akakaa chini. Picha safi, sauti safi, kidevu cha mtu hakionekani popote.

Video iliondoka maktaba baada ya chakula cha mchana ikafika kwenu kengele ya kanisa ikilia ya jioni. Hata kwa baiskeli yangu ningekuwa nimefika njia panda.

Wako,
Agripina Morăraș

*

Chișinău, 2 Aprili

Bibi Agripina,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na alama. Sita kati ya ishirini.

Nanukuu sehemu ya maneno yaliyotokea chini ya picha: "Tfu, tfu, tfu. Mbaya wewe. Mchafu. Sura kama chura. Hata mbwa hakutaki. Tfu."

Nanukuu na maoni ya watahini: "Mzazi anamtemea mtoto mate mara tisa na kumtukana kwa sura yake. Mtoto anacheka, jambo linaloonyesha kwamba amekwisha kuzoea. Mshiriki anayepiga video hachukui hatua yoyote, na anasikika akivuta kamasi kwa furaha."

Utaratibu unasema jambo kama hili lipelekwe kwa afisa wa ulinzi wa watoto wilayani kwenu. Limepelekwa. Atakuja na fomu ndani ya siku kumi. Nimejaribu kulizuia nikashindwa, kwani linajituma lenyewe mtu akibonyeza kisanduku, na wao wameshabonyeza.

Unaruhusiwa kurudia video mara moja tu, mwisho tarehe 15 Mei. Safari hii asiteme mate, asiseme ni mbaya, asitaje mbwa.

Kuna jingine, na ni afadhali ulisikie kwangu. Kwenye kikao waliniuliza kama hili ni jambo la kawaida nchini kwetu. Nilisema nitafuatilia.

Sorina Pîslaru

*

Valea Nucului, 10 Aprili

Mpendwa Mwalimu,

Afisa alikuja jana. Mtu aliyepanga safari za serikali hakutazama kalenda: jana ilikuwa Alhamisi ya kupaka mayai ya Pasaka, na jikoni kwa Zinovia kulikuwa na mayai arobaini, masufuria matatu ya rangi, na unga mpaka kwenye nyusi. Afisa ni mama wa makamo, mpole, ana koti zuri. Alisimama mlangoni akasema amekuja kuhusu malalamiko. Zinovia akamwambia malalamiko hayaozi, mayai yanapoa, vua koti. Akavua.

Walipofika yai la kumi hivi, afisa akawa ametoa simu kumwonyesha Zinovia mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa miezi minne. Zinovia akafuta mikono, akaishika simu kwa heshima, akaangalia muda mrefu.

"Tfu, tfu, tfu," akasema. "Mbaya huyo! Utadhani kiazi."

"Asante, mama," afisa akasema. "Wote wanasema amefanana na babu yake."

Kisha akakumbuka kazi. Akatoa fomu, akaanza kumsomea Zinovia maswali. Swali la saba lilisema: je, mlezi hutumia maneno ya kumdhalilisha mtoto? Kalamu ikasimama. Afisa akaitazama fomu, akamtazama Zinovia, akaitazama simu yake iliyokuwa bado mezani. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, na fomu ikapata alama ya kidole pembeni. Akaandika "Hapana". Maswali yaliyobaki aliyajaza bila kuyasoma. Aliondoka na mayai kumi na mawili na mkate mzima wa Pasaka, na Zinovia alimsindikiza mpaka langoni, jambo ambalo hajamfanyia hata padri.

Mazoezi ya video mpya tumeanza. Sina la zaidi. Pasaka njema kwako na kwa wote ulio nao nyumbani.

Agripina Morăraș

*

Chișinău, 27 Aprili

Bibi Agripina,

Uliandika "sina la zaidi". Nimezisoma barua zako zote, na wewe huwa una la zaidi.

Hujaonekana darasani Jumatatu mbili. Somo la sita na la saba hujayafungua. Leo meya wenu amenipigia simu kuuliza kama mshiriki anaweza kubadilishwa katikati ya darasa, "kwa mfano na mtu mwenye kompyuta". Nilimjibu kwamba nafasi ni yako mpaka tarehe 15. Niambie kimetokea nini.

Wakati unafikiria, nikuambie na la kwangu. Nina mtoto wa kike wa miezi minane, anaitwa Otilia. Kila siku namsifu kama kitabu kinavyoelekeza: kwa uwazi, kwa jambo alilofanya, bila "lakini". Otilia, umeshika kijiko mwenyewe. Otilia, umejigeuza. Nikimaliza naenda bafuni, nafungulia bomba ili mume wangu asisikie, natema mate mara tatu kwenye sinki. Nina shahada mbili, Bibi Agripina. Hajawahi kujua mtu.

Baada ya kukuandikia ile barua ya alama nilikaa na aibu wiki nzima. Mwisho nikawaandikia watahini kurasa tatu, nikawaeleza kwamba yale si matusi, ni kinga, na kwamba bibi asiyemjali mtoto asingejisumbua kutema. Wamejibu kwa upole sana. Wanashukuru kwa maelezo, wamejifunza, lakini karatasi yao ya alama haina kisanduku cha jambo hilo. Wanachohitaji ni kwamba kutema mate na maneno mabaya visiwemo kwenye video.

Nisingependa kumpoteza mtu pekee anayeniandikia tarehe na salamu.

Sorina

*

Valea Nucului, 6 Mei

Mwanangu Sorina,

Ngoja nikuambie yote, na mwanzo unisamehe, kwa sababu mbele huko utaona nimefanya jambo na barua yako.

Siku ile afisa alipoondoka, Zinovia alikuwa na moyo mwepesi. Nikamwambia jaribu sentensi moja, hivi hivi, bila mate, tuone kama ulimi unakubali. Akamtazama Sanda, akasema, "Sanda, umepaka mayai vizuri." Basi. Maneno manne. Jioni yake mtoto alikuwa na homa ya nyuzi thelathini na tisa.

Yalikuwa mafindofindo. Muuguzi alisema nusu ya darasa lao wanayo. Lakini nenda kamwambie hayo Zinovia. Alinifungia lango, na akafunga pia lile la nyuma ambalo halijafungwa tangu mumewe alipokuwa hai. Kufika Jumapili kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Pina anazunguka na simu inayowatia watoto homa. Zile familia sita zilizokuwa zimenikubalia niwatembelee nikishapata kazi, zote ziliniambia kwa wakati mmoja kwamba wana wageni. Nikipita kisimani wanawake wanawavuta watoto nyuma ya sketi. Mimi, Sorina, ambaye hata mbwa walikuwa wananisindikiza. Nikasema basi, mke wa mhasibu achukue. Nikakaa na Filimon. Siku ya tatu ya televisheni nilikuwa najua majina ya wanyama wote wa Afrika.

Ndipo ikaja barua yako; mkutubi aliichapa akaniletea. Niliisoma mara nne, na kila mara nilisimama mahali pamoja: "visiwemo kwenye video." Hukuandika visiwemo kabisa. Uliandika kwenye video.

Nilikuwa nimekaa na barua mkononi, na mbele yangu kuna droo yenye stempu zilizobaki, zile walizosahau kuja kuzichukua. Nimelamba stempu miaka thelathini na mmoja. Mate yanakuja kwanza, barua inafuata. Hakuna siku niliyosubiri barua ifike Bergamo ndipo nilambe stempu.

Nikaenda langoni kwa Zinovia. Alikuwa bustanini akipalilia kama hanioni. Nikasimama, nikafungua barua, nikaanza kumsomea kwa sauti habari za Otilia, kijiko, na bomba. Nisamehe. Hakukuwa na mtu mwingine ila mabata.

Jembe likasimama.

"Nani anatema kwenye sinki?" akauliza.

"Mwalimu. Wa Chișinău."

"Mwenye shahada?"

"Mbili."

Akaja akafungua lango. Nikamweleza habari za stempu: kwamba mate ni ada, na ada hulipwa kabla. Alifikiri sana. Zinovia akifikiri anang'oa nyasi, na tulipomaliza njia yote ilikuwa safi. Akataka kujua ni sifa ngapi wanahitaji. Nikasema tano zinatosha. Akasema hapana, weka kumi na mbili, mtu akishaanza hajui maneno yatamfikisha wapi. Kumi na mbili mara tatu ni thelathini na sita. Akaenda kwenye ua, akanipa mgongo, akatema thelathini na sita, mimi nikihesabu. Alipofika ishirini aliomba maji. Halafu akamalizia kwa kumwita Sanda mbaya mara moja, kubwa, ya jumla.

Ndipo nikawasha simu.

Dakika ya kwanza alikuwa anajifunga upya kitambaa cha kichwa. Kisha akasema, "Sanda, asubuhi ulitandika kitanda." Mtoto akageuka nyuma kuangalia anaambiwa nani. Zinovia akasema, "Na vikombe uliviosha, na hukuvunja."

"Bibi," Sanda akasema, "unaumwa?"

"Siumwi. Nyamaza, nakusifu."

Akaendelea. Mwanzo alikuwa kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Halafu akafika kwa mabata. Akasema, "Jioni ukiwafungia mabata huwahesabu kwa sauti, halafu unawahesabu tena kimya kimya, kwa sababu unaogopa asije mmoja akalala nje. Nakuonaga. Nipo dirishani, kila siku nakuona."

Sanda hakucheka safari hii. Alisogea akamwegemea, akakaa hivyo, kisha akasema, "Sema tena la mabata."

Akalisema tena. Na baada ya hapo, Sorina, hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Miaka sitini na saba ilikuwa imefungiwa humo ndani. Nilizima simu mwenyewe kwa sababu dakika kumi zilikwisha.

Alinilazimisha niitume kwa Lilia kwanza kabla ya kuwatumia ninyi. Lilia akapiga papo hapo, analia. Akasema, "Mama, mimi hujawahi kuniambia hivyo hata siku moja." Zinovia akaifuta simu kwa pindo la sketi. Kisha akasema, "Wewe mabata walikuwa wanakupotea. Lakini kusuka nywele ulijua. Nywele ulikuwa unasuka vizuri sana." Akanirudishia simu, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Ni siku tano sasa. Joto la Sanda ni thelathini na sita na nusu; napima asubuhi na jioni, kwa ajili ya takwimu. Video mmeipokea. Nasubiri.

Shangazi yako,
Pina

*

Chișinău, 21 Mei

Shangazi Pina,

Kumi na tisa kati ya ishirini.

Umefaulu. Meya nimempigia mwenyewe kabla ya kukuandikia, ili asikie kwangu. Watahini wameandika kwamba mmoja wao alilazimika kusimamisha video kwenye lile la mabata akatoka nje kidogo. Wanaomba ruhusa ya kuitumia kuwafundishia wengine. Nimewaambia lazima waongee na Bibi Zinovia, na kwamba huenda akawauliza macho yao ni ya rangi gani.

Ile alama moja iliyopotea, nanukuu: "Dakika ya saba, nyuma yao, kwenye kioo cha dirisha, anaonekana mtu mzima mwenye simu mkononi akigeuka upande na kutema mate. Si mzazi."

Sikuuliza. Nimekuandikia tu.

Kuhusu barua yangu kusomewa mabata, nimekusamehe. Nimemwambia mume wangu pia. Kumbe yeye hutema garini.

Nakutumia picha ya Otilia, ana meno mawili. Usimwonyeshe mtu, isipokuwa Bibi Zinovia. Cheti chako chenye muhuri kimeondoka leo kwa posta, kwa anwani uliyoandika siku ya kujiandikisha; risiti naiambatisha.

Wako,
Sorina

*

Valea Nucului, 29 Mei

Sorina mwanangu,

Meya amesaini. Alisaini amesimama, kama mtu anayeogopa nibadilishe nia. Mke wa mhasibu amenipa mkono na kuniuliza kama naweza kwenda kwake Jumatano. Ana wavulana wawili na ile kompyuta haimsaidii. Zile familia sita zimegundua kwamba wageni wao wameondoka. Sasa ni tisa. Kila ninapofika, Zinovia anafika kabla yangu, anasimama kwenye ua na kumfundisha mwenye nyumba kuhesabu. Asipokuwepo hawaanzi. Nimemwandika kwenye ripoti ya mwezi kama "vifaa vya kufundishia".

Kuhusu dirisha. Sifa tulizolipia zilikuwa kumi na mbili. Nilikuwa nazihesabu, na kwenye dakika ya saba alikuwa ameshavuka. Alifika kumi na tisa. Barua ikizidi uzito haiondoki hivi hivi, lazima mtu aongeze stempu, na aliyekuwa zamu ni mimi. Kuamini siamini. Nilikuwa kazini.

Picha ya Otilia tumeiona, mimi na Zinovia, tumekaa nayo barazani mchana mzima. Mbaya sana, masikini. Meno kama ya panya, na yale masikio sijui kayatoa wapi. Mbwa wetu tumemwonyesha, hamtaki. Tfu, tfu, tfu.

Akubusuye,
Shangazi Pina

Nyongeza: meya anaulizia cheti, anataka kukitundika ukutani. Nimetazama risiti uliyonitumia. Umekielekeza Posta ya Valea Nucului. Ilifungwa Novemba.